Neno Kuamua Lilivyozaliwa Uwanjani

Mtu akijitosa kati ya watu wawili wanaopigana na kuwatenganisha, tunasema ameamua ugomvi. Wazee wakikaa barazani wakasikiliza upande huu na upande ule, kisha wakatoa neno la mwisho, tunasema wameamua kesi. Na mtu akilala na jambo lake, likamgeuza ubavu huu na ubavu ule, hata akaamka anajua atakalofanya, naye tunasema ameamua. Kazi tatu, neno moja. Wageni wanaojifunza lugha yetu hulistaajabia jambo hili, na watoto wetu wenyewe huliuliza. Basi wakiuliza husimuliwa habari za mwanamke aliyeitwa Mwanamvua.

Zamani hizo misitu ilikuwa mingi kuliko mashamba, na watu wa kijiji kizima walijuana kwa sauti hata gizani. Kulikuwa na kijiji kikiitwa Kwandezi, juu ya mteremko, chenye msitu mgongoni na bonde la mihogo mbele yake. Watu wa Kwandezi walikuwa wachapa kazi na wakarimu, lakini hawakuwa na desturi ya kuwasikiliza wanaogombana. Walichokuwa nacho ni uwanja.

Watu wawili wakigombana, Jumbe, mkuu wa kijiji, aliwaita na kumuuliza kila mmoja, "Unaliacha neno lako?" Akipatikana mmoja wa kuliacha, jambo likaisha. Wasipoliacha wote, Jumbe alisema neno moja tu: "Waachiwe." Hapo palichaguliwa siku, uwanja ukafagiwa, na duara kubwa la jivu likachorwa kuuzunguka. Wagomvi waliingia ndani ya duara kila mmoja na fimbo yake, wakapigana mpaka mmoja aanguke. Aliyeanguka ndiye mkosa. Watu waliamini kwamba ardhi inamjua mwongo na humvuta chini, na ikishamvuta hakuna wa kuibishia. Wala hapakuwa na ruhusa ya kuingilia. Anayevuka jivu kabla mmoja hajaanguka, ugomvi wote unakuwa wake, na jua lisitue akiwa bado Kwandezi.

Mwanamvua aliujua uwanja ule tangu alipokuwa msichana. Baba yake, Mzee Mshamu, alidaiwa kumficha mbuzi wa jirani. Alikataa, jirani akashikilia, wakaachiwa. Siku hiyo Mzee Mshamu alikuwa na homa iliyomtoa jasho tangu alfajiri, akaanguka kabla watu hawajamaliza kukaa sawasawa. Alipigwa kichwani. Akakaa ndani, akasahau majina ya wanawe, na mvua za masika hazikumkuta. Baadaye vijana waliokuwa wakichimba viazi vikuu walikuta mifupa ya mbuzi ndani ya shimo la zamani, na njuga yake shingoni. Hakuna aliyesema kitu. Ardhi ilikuwa imekwisha kusema, na nani angekwenda kuiambia imekosea? Tangu hapo mjane wake, Bi Mosi, alikwenda kisimani kwa njia ndefu ya mabondeni ili asipite uwanjani.

Mwanamvua alipokua aliolewa na Mzale, mrina asali, akamzalia mtoto mmoja. Mzale alikuwa rafiki mkubwa wa Ngwali, mdogo wa Mwanamvua. Wanaume hao wawili walikwenda msituni pamoja, wakipanda mti mmoja na kushikiana moto wa kuwafukiza nyuki. Waliitana mwamu, jina ambalo mtu humwitia ndugu wa mkewe au mume wa dada yake, wengine tukisema shemeji. Kijijini waliwataja kwa pamoja. Waamu wamepita. Waamu wamerudi na asali. Mwanamvua akisikia hivyo alifurahi moyoni, kwa sababu watu wake wote wawili walikuwa ndani ya neno lile.

Mwaka mmoja maua ya msituni yalikuwa machache, na nyuki wakawa wakali. Ngwali alikuwa na mzinga wa zamani juu ya mti mrefu, mzinga aliourithi kwa baba yake, na ndio uliompa asali kila mwaka. Mzale akatundika mzinga mpya karibu na hapo. Haikuchukua muda nyuki wakauhama mzinga wa Ngwali wakaingia katika ule mpya. Msimu wa kurina ulipofika, Mzale alipanda akashusha masega mazito meupe. Ngwali alipanda wa kwake akakuta buibui.

Lau wangekutana msituni, pengine jambo lingeishia hapo hapo. Lakini walikutana njia panda, mahali wanawake wanapouza mihogo, watu wakiwa wengi. Mwanamvua mwenyewe alikuwepo, ameinama anachagua mihogo isiyo na nyuzi.

Ngwali alikitazama chombo cha asali kichwani pa Mzale. "Mwamu, hiyo asali ni ya nyuki wangu."

"Nyuki hana kamba shingoni," Mzale akajibu, akitabasamu. "Alikotaka ndiko alikokwenda."

"Ulitundika mzinga wako pale ukijua."

"Nilitundika penye mti mzuri."

"Basi wewe ni mwizi," Ngwali akasema, na hakusema kwa sauti ndogo.

Tabasamu la Mzale likafutika. Watu walikuwa wameacha kununua. Kama angenyamaza angerudi nyumbani na jina hilo, akalala nalo na kuamka nalo. Akatafuta neno zito la kurudisha, akalipata, na lilipomtoka hata yeye mwenyewe alishtuka. "Baba yako alivutwa na ardhi kwa uongo wake, na wewe utavutwa vivyo hivyo."

Muhogo ukamdondoka Mwanamvua mkononi. Aliwatazama wote wawili, mumewe na mdogo wake, akaona kwamba hakuna hata mmoja anayemwona yeye.

Jumbe Nyange aliwaita siku ile ile. Akamuuliza Ngwali kama analiacha neno lake, Ngwali akatikisa kichwa. Akamuuliza Mzale, Mzale akatazama pembeni akasema haachi. Jumbe akasema, "Waachiwe," na siku ikatajwa kuwa asubuhi ya siku ya soko.

Kuanzia hapo Mwanamvua hakuwa na raha. Chakula alipika kikaungua, maji alichota akayamwaga njiani. Kila alipokuwa alisikia sauti moja tu, kisu cha mumewe kikichonga fimbo uani. Kra, kra, kra. Akitoka kwenda kwa mama yake ili asiisikie, aliikuta huko pia, kwa sababu Ngwali aliishi na mama yao na alikuwa akichonga yake mlangoni. Ilimjia kwamba fimbo zote mbili zilikuwa zikichongwa kwa ajili yake. Akianguka Mzale, atakuwa mke wa mwizi, na pengine mjane. Akianguka Ngwali, mama yake atakuwa amempoteza mume na mwana mahali pamoja, na yeye atarudi nyumbani kumpikia aliyemuua.

Alimwendea mumewe kwanza. Akachuchumaa mbele yake. "Mume wangu, liache neno. Asali haina thamani hiyo."

"Asali ningempa yote," Mzale akasema bila kuinua macho. "Ningempa na mzinga. Lakini nikiacha sasa, nimekubali kwamba mimi ni mwizi."

"Na lile la baba yangu?"

Kisu kikasimama. "Lile nalijutia. Nalijutia tangu lilipotoka. Lakini nitamwambia nani? Akiniona ananipa mgongo."

Akaenda kwa mdogo wake. Ngwali alimwachia nafasi kizingitini, akaendelea kuchonga. Mwanamvua akamweleza kwamba Mzale anajuta. Ngwali akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Dada, wewe ni mkewe. Utasema nini kingine? Na ukienda kwake utamwambia mimi najuta. Kila mmoja wetu anajua wewe unavutwa huku na huku. Kwa hiyo maneno yako hayana uzito kwangu, na kwake hayana."

Bi Mosi alikuwa ndani akipepeta mchele. Aliyasikia yote. Mwanamvua alipoingia, mama yake alimshika mkono akaubana sana. "Siku hiyo usiende uwanjani, mwanangu. Funga mlango, twanga kitu chochote, twanga hata pumba, ili usisikie. Mimi nilikwenda. Nilisimama nyuma ya jivu nikamwona baba yako anayumba kwa homa, nikasema moyoni, nivuke, nisivuke. Nikawaza mtakwenda wapi ninyi watoto nikifukuzwa. Nilikuwa bado nawaza alipoanguka. Na hata sasa bado nawaza."

Mwisho akaenda kwa Jumbe Nyange mwenyewe. Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha mkekani, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Wewe umezijua habari zote," Mwanamvua akasema. "Waite, wakae mbele yako, kila mmoja aseme lake, kisha wewe useme iwe vipi. Watakusikia."

Jumbe akamuuliza, "Unajua unachoniomba? Unaniomba niseme huyu amekosa na huyu amepata. Nitakayemwambia amekosa atanichukia maisha yake yote, na wanawe watawachukia wanangu. Ardhi ikimwangusha mtu, nani ataichukia ardhi? Atapanda mihogo juu yake kesho yake. Ndiyo maana babu zetu walituachia uwanja. Si kwa ukatili, binti yangu. Kwa woga."

Mwanamvua hakuwa amewahi kumsikia mtu mzima akilitaja jambo hilo kwa jina lake. Alirudi nyumbani taratibu.

Asubuhi ya siku yenyewe alifunga mlango kama alivyoambiwa na mama yake. Akamwaga mahindi kinuni akaanza kutwanga. Akatwanga kwa nguvu, lakini kila aliponyanyua mchi sauti za watu zilipenya katikati ya pigo na pigo. Alizisikia zikiongezeka, kisha akazisikia zikinyamaza kwa ghafla. Akajua wameingia ndani ya duara. Akauachia mchi ndani ya kinu, akafungua mlango, akaenda mbio.

Watu walikuwa wamejaa pande zote, wamekaa na kusimama. Alipenya mpaka miguu yake ikafika kwenye jivu, akasimama hapo. Mzale alikuwa na damu juu ya nyusi. Ngwali alikuwa akichechemea. Walikuwa wakizungukana polepole, wakihema, na kila fimbo ilipogonga fimbo watu walivuta pumzi. Mwanamvua naye alivuta pumzi, lakini hakuwa na upande wa kuombea. Mzale aliponyanyua mkono alitamani ukose, na Ngwali aliponyanyua wake alitamani hivyo hivyo. Alihisi anachanwa katikati kama kitambaa. Nivuke, nisivuke. Aliwaza mahali pa kwenda jioni hiyo, akaona hapajui. Akawaza mama yake akipita njia ndefu ya mabondeni.

Waliokuwa karibu naye walisema baadaye kwamba kabla hajavuka uso wake ulitulia. Walisema ilikuwa kama mtu aliyekuwa na wawili wanaopigana ndani yake, wakaacha. Kisha akalivuka jivu.

Fimbo zote mbili zilikuwa hewani. Alipoingia kati hakuna aliyewahi kuzuia mkono wake. Moja ilimpata begani na nyingine ikampata mkononi chini ya kiwiko, kwa wakati mmoja, na watu wote wakausikia mfupa. Mwanamvua akapiga magoti. Vumbi lilipotulia, Mzale na Ngwali walikuwa wamesimama juu yake, kila mmoja akiitazama fimbo yake, kwa sababu hakuna aliyejua ni ipi iliyouvunja mkono ule. Wala haikujulikana kamwe.

Ngwali ndiye aliyeitupa ya kwake kwanza. Akainama. "Dada, umefanya nini?"

Kelele zikawa nyingi. Wengine walisema amevuka, wengine walisema ameanguka. Jumbe Nyange alisimama kwenye ukingo wa jivu, akainua mkono mpaka wakanyamaza. Sauti yake haikuwa imara. "Mwanamvua binti Mshamu amelivuka jivu kabla ya mtu kuanguka. Desturi inajulikana. Ugomvi wote sasa ni wake, na jua lisitue akiwa hapa."

Mwanamvua alikuwa ameuweka mkono wake uliovunjika mapajani, kama mtu aliyebeba mtoto. Maumivu yalikuwa yakimtia kizunguzungu. Lakini neno la Jumbe alilisikia, akalishika.

"Umesema ugomvi wote ni wangu," akasema.

"Ndiyo desturi," Jumbe akajibu.

"Basi wao hawana tena ugomvi wa kupigania. Ni wangu, na mwenye kitu hukifanya atakavyo. Na jua bado lipo juu." Akawageukia wale wawili. "Kaeni chini. Wewe huku, na wewe huku. Nisipokutazama, usiseme."

Wakakaa. Hawakuwa na la kufanya jingine. Kila aliyetaka kumwona mwenzake ilimpasa atazame kupitia kwake, na njiani aliuona mkono ule.

Akamgeukia Ngwali akamwambia aseme. Ngwali akaeleza juu ya mzinga wa baba yake, na buibui aliowakuta ndani, na jinsi alivyodhani mwamu wake amemchezea. Mzale alifungua kinywa, lakini Mwanamvua hakuwa amemtazama, akakifunga. Ngwali alipomaliza, akamgeukia Mzale. Mzale akasema kwamba mti ule waliuchagua pamoja yeye na Ngwali mwaka uliotangulia, Ngwali amesahau, na kwamba hakuwaita nyuki wala hakuwafukiza. Ngwali akainamisha kichwa. Alikuwa amelikumbuka lile la mti.

Sasa watu wote walimtazama Mwanamvua, na hapo ndipo hofu ilipomshika kuliko hata alipokuwa nyuma ya jivu. Kuingia kati ya fimbo kulikuwa kitendo cha mara moja. Hili lilimtaka aseme, na akishasema maneno yatabaki. Hakujua kama atasema sawa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, maana hakuna aliyewahi kulifanya jambo hilo kabla yake. Alipoanza kusema sauti ilikuwa ikitetemeka na machozi yakimtoka.

"Nyuki walihama wenyewe. Hakuna aliyeiba. Lakini walinenepa katika mzinga wa baba yetu kabla ya kuhamia kwa Mzale, kwa hiyo asali ya msimu huu mtagawana sawa. Ya msimu ujao ni ya Mzale. Ngwali, mzinga wa baba utausafisha na kuutundika upande wa pili wa kijito cha bondeni, na Mzale atakushikia moto. Hilo ni la asali."

Akapumua. "Kuna na maneno. Ngwali, ulimwita mwenzako mwizi mbele ya watu hawa. Lirudishe mbele ya watu hawa hawa."

Ngwali alijiinua kidogo, mpaka watu wakadhani atainuka aende zake. Kisha akasema, "Mwamu wangu si mwizi. Nililisema kwa hasira."

"Mzale."

Mzale alikuwa akilia waziwazi. "Mzee Mshamu hakuwa mwongo. Nililisema ili limuumize, na halikuwa kweli."

"Halikuwa kweli," Mwanamvua akarudia, na sasa hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akiutazama umati. "Mbuzi yule alitumbukia shimoni. Mifupa yake ilionekana na njuga yake ilionekana, na wote mnajua. Baba yangu aliangushwa na homa. Hakuficha mbuzi wa mtu."

Jirani yule mwenye mbuzi, ambaye sasa alikuwa mzee wa mkongojo, alikuwepo kati ya watu. Alitazama mchanga, akaanza kutoa sauti ndogo kama ya mtu anayekohoa, kisha akajifunika uso kwa nguo yake. Nyuma kabisa, kwenye njia ambayo hakuwa ameipita miaka mingi, Bi Mosi alikuwa amesimama na ungo wake mkononi.

Wakati huo alifika mtu aliyekuwa ametoka shamba, akamuuliza mama mmoja mfinyanzi kilichotokea. Yule mama alitaka kumjibu akakosa neno. Kuwatenganisha halikutosha, maana Mwanamvua alikuwa amefanya zaidi ya hapo. Kusema halikutosha, maana alikuwa amesema baada ya kupigwa. Jumbe angeweza kuwaachia, lakini hili lilikuwa kinyume cha kuwaachia. "Waamu walikuwa wanauana," akasema, "naye akawa... akawaamua."

"Akawafanya nini?"

"Akawaamua. Amewaamua waamu." Waliosikia walicheka kwa ajabu ya neno lenyewe. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu waliona hakuna jingine linalofaa.

Desturi haikubadilika siku hiyo. Jumbe Nyange hakuwa na ujasiri wa kuivunja, na Mwanamvua hakumwomba. Wanawake walimfunga mkono kwa vijiti na magome, na kabla jua halijatua alishuka bondeni akavuka kijito. Mzale alimfuata na mtoto wao na mkeka. Ngwali alimfuata akiwa amembeba mama yao mgongoni; bado alichechemea, lakini Bi Mosi alikuwa mwepesi. Wakajenga kibanda ng'ambo. Siku za mwanzo walilala kwa wasiwasi, wakisikiliza kama kuna anayekuja kuwafukuza mbali zaidi.

Aliyekuja alikuwa mwanamke mmoja wa Kwandezi akikimbia, khanga imemfunguka. Wanawe wawili walikuwa wameshikana kwa sababu ya shamba, na Jumbe alikuwa amewauliza wote na wote wamekataa kuacha. "Njoo uwaamue," akasema yule mwanamke. Mwanamvua alihisi mkono ukimuuma. Alisema hawezi. Kisha akavaa viatu vyake vya ngozi akaenda. Uwanjani, Jumbe Nyange alimwona akija. Alichukua ufagio, akalifagia jivu sehemu moja ili apite.

Baadaye walimwita tena, wengine wakitoka vijiji vya mbali. Hakuzoea kamwe. Kila alipoitwa chakula kilimshinda, na kila alipokaa kati ya watu wawili sauti yake ilianza kwa kutetemeka. Wapo aliowaamua vibaya, na mmoja kati ya hao alimchukia mpaka kaburini, kama Jumbe alivyokuwa amesema. Mkono wake ulipona ukiwa umepinda. Watu waliokuja kwake na ugomvi waliutazama kwanza, kisha wakaanza kueleza kwa sauti ya chini.

Na tangu siku hiyo, kuwatenganisha wanaopigana na kutoa neno la haki kati ya wanaoshtakiana tunakuita kwa jina moja. Mtu anayefanya kazi hiyo tunamwita mwamuzi, awe mzee wa mtaa, awe yule anayekimbia na filimbi uwanjani katikati ya wachezaji, akitukanwa na mashabiki wa pande zote mbili. Na kwa kuwa watu waliuona uso wa Mwanamvua pale nyuma ya jivu kabla hajavuka, hata mtu anayemaliza ugomvi ulio ndani ya kifua chake peke yake, naye husemwa ameamua.

Ukimwona mtu amesimama mbali, mikono yake mizima, akitaja nani mwema na nani mkosa, huyo wazee wetu husema amehukumu. Husema bado hajaamua.